Nimekata Maneno ya Mke Wangu kwa Miezi Minane

Shangazi wa ukurasa wa saba, shikamoo. Kabla sijasema lolote nakuomba kitu kimoja tu, barua hii ni ndefu, tafadhali uisome yote mpaka chini, usiishie juu juu ukadhani umeshaelewa, maana shida yangu ikisomwa nusu naonekana mjinga, na ikisomwa yote, basi, utaona mwenyewe.

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na minane, mume wa mke mmoja, baba wa mapacha wa kike wa darasa la kwanza, na kazi yangu ni kutengeneza programu za kompyuta. Najua ukisikia kompyuta unataka kufungua ukurasa wa michezo, lakini nivumilie. Ofisi yetu ina vyumba viwili na choo kimoja, na tunachotengeneza ni chombo cha watu wazima wanaojifunza kuandika programu, mafundi cherehani, makarani, walinzi, watu waliochoka na kazi walizonazo. Chombo hicho kina sehemu mbili. Ya kwanza inaitwa kompaila, ambayo husoma alichoandika mwanafunzi na kukigeuza kiwe kitu ambacho kompyuta inaweza kukitekeleza, na ikikuta kosa inasema, hapa umekosea. Ya pili ni kihariri, yaani lile dirisha mwanafunzi analoandikia, na kihariri ndicho kinachopokea maneno ya kompaila, kinachambua yapi yamfikie mwanafunzi, kisha kinapaka rangi nyekundu pale penye kosa. Kihariri ni changu. Kompaila ni ya mke wangu, ambaye anakaa chumba cha pili, kati yetu kuna ukuta mwembamba tu, hata akipiga chafya nasikia.

Sasa Shangazi, miaka mitatu iliyopita kompaila ilikuwa na domo. Ukiiwasha inatema majina ya mafaili, saa, hesabu ya hatua, mistari mizima ya nukta, kelele tupu, na kosa lenyewe limejificha katikati kama pini kwenye zulia, basi mimi nikatengeneza kichujio, na kanuni yake ilikuwa rahisi, mstari unaoanza na jina la faili na namba, huo ni kosa, uchukue, upake rangi, na mstari usioanza hivyo ni takataka, utupe. Skrini ikatakata. Nyekundu peke yake niliitafuta wiki tatu, si ya nyanya, si ya damu, nyekundu yenye adabu zake na kimstari cha mawimbi chini yake, na bosi alipoiona akasimama akapiga makofi, na mwisho wa mwaka nikapewa kombe la Mfanyakazi Bora lililoandikwa "Kwa Usafi wa Skrini". Ni la plastiki, sikatai, lakini lipo juu ya kabati la televisheni na mapacha wamekatazwa kuligusa.

Miezi minane iliyopita, asubuhi moja tukijiandaa kwenda kazini, mke wangu akaniambia, "Baba Pacha, nimeanza kuongeza maelezo chini ya kila kosa," na akaendelea kueleza eleza pale, lakini mimi nilikuwa natafuta soksi ya pili, nikamwambia vizuri sana, mke wangu, na kweli soksi nikaipata, ilikuwa chini ya mto wa kochi.

Maisha yakaenda. Wiki tatu zilizopita kihariri changu kikagoma kufunguka (nilikivunja mwenyewe, tusiingie huko) na ikanibidi niiendeshe kompaila peke yake kwenye lile dirisha jeusi la kizamani lisilo na rangi wala kichujio, ambalo mke wangu ndilo analofanyia kazi siku zote kwa sababu anasema rangi zangu zinamchosha macho. Nikafanya kosa la makusudi, nikaacha mabano wazi. Mstari wa kwanza ukaja kama ninavyoujua miaka yote, jina la faili, mstari wa tisa, mabano hayajafungwa. Halafu chini yake, umeingia ndani nafasi mbili, ukaja mstari mwingine. "Uliyafungua hapa. Nadhani ulitaka kuyafunga mwisho wa mstari wa kumi na mbili." Na mwingine. "Usijilaumu, mabano humtoroka kila mtu." Nikarudia kosa lile lile mara nne zaidi kwa udadisi, na mara ya tano ikaniambia, "Hii ni mara ya tano. Simama, nyoosha mgongo, kunywa maji, kisha njoo tulitazame pamoja."

Ilikuwa sauti ya mke wangu kabisa, ndivyo anavyowaambia mapacha wanaposhindwa kufunga kamba za viatu. Nikafungua mafaili yake nikahesabu, makosa mia mbili na kumi na manne, kila moja na maelezo yake, ameyaandika mwenyewe moja baada ya jingine, na yote yanaanza na nafasi mbili, hayaanzi na jina la faili, kwa hiyo yote, Shangazi, yote, kichujio changu kimekuwa kikiyatupa miezi minane na hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyewahi kuyaona.

Nilitaka kusema siku ile ile, naapa. Lakini kesho yake yakaja majibu ya maswali tuliyowauliza wanafunzi, na bosi akayasoma mbele ya wote. Swali la sita, je, maelezo yanayokuja chini ya makosa yanakusaidia kiasi gani? Karibu wote wamejibu, maelezo gani? Chumba kizima kikacheka, bosi akacheka, na mimi nikacheka pia, nadhani ni mshtuko. Mke wangu hakucheka. Jioni tukirudi nyumbani kwa miguu akasema, "Labda mimi sijui kuzungumza na watu," halafu akasema na mengine, lakini tulikuwa tunavuka barabara na lori lilikuwa linapita, nikamwambia vizuri sana, mke wangu, maana sikusikia vizuri.

Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja, mama fundi cherehani, akapiga simu ofisini, mke wangu akaipokea kwa spika na mimi nikasikia yote ukutani. Mama anasema, "Mwanangu, kompyuta yenu inaniambia nimekosea. Nimekubali, nimekosea. Sasa nifanye nini? Mbona inanigombeza halafu inaninunia?" Mke wangu akamwambia, "Mama, soma hapo chini yake." Mama akasema, "Nimesoma mwanangu, na miwani nimevaa. Hapa chini peupe." Mke wangu akamsomea maelezo kwa mdomo, neno kwa neno, mama akarekebisha, ikakubali, akapiga kigelegele hukohuko kwenye simu. Baada ya hapo chumba cha pili kikawa kimya mpaka saa ya kutoka.

Jumapili nikiwa natazama mpira akaja akasimama mlangoni mwa jikoni na kitambaa cha vyombo begani, akasema, "Nimechoka, Baba Pacha," kisha akaongea kwa muda kama wa dakika kumi mambo ya hapa na pale, unajua tena wanawake, na timu yangu ilikuwa inatafuta goli la kusawazisha, nikamwambia vizuri sana, mke wangu. Akalichukua kombe langu juu ya kabati, akasoma maandishi yake, akalirudisha taratibu, akaenda zake jikoni. Na jana kwenye printa ya ofisi nimekuta karatasi imeanza, "Ndugu Mkurugenzi, naomba kuacha kazi," sikuendelea kusoma, nikairudisha kama nilivyoikuta.

Alhamisi ya wiki ijayo kuna kikao na bosi ataamua kuyafuta maelezo yote ili kompaila iwe nyepesi. Safu yako hutoka Jumamosi, kwa hiyo bado kuna muda. Nina njia mbili. Naweza kurekebisha kimyakimya, ni kazi ya dakika ishirini, nakiambia kichujio kwamba mstari unaoanza na nafasi mbili ni mali ya kosa lililo juu yake, natoa toleo jipya Jumatano, naliita maboresho madogo, na Alhamisi maelezo yanaonekana, wanafunzi wanafurahi, mke wangu anafurahi, hakuna aliyejua, kombe linabaki. Hata rangi ya maelezo nimeshaichagua, bluu iliyotulia, imenichukua siku nne. Au niungame, nionekane kituko mbele ya ofisi nzima, na mke wangu ajue kwamba aliniambia na sikumsikia. Nampenda mke wangu, Shangazi. Nifanye nini?

Ni mimi,
Mwenye Kombe

*

Mwenye Kombe,

Marahaba. Umeniomba niisome barua yako mpaka chini, nimeisoma mpaka chini. Nimeisoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa nacheka, na ya pili cheko likanikauka.

Nianze na zuri, maana lipo. Kichujio chako kilipozaliwa hakikuwa na kosa. Kelele ilikuwepo, ukaiondoa, watu wakapata nafuu. Kombe lile la mwaka ule ni halali yako, na hata hiyo nyekundu yenye adabu nakupongeza, ingawa mtu anayetafuta nyekundu wiki tatu angetakiwa kwenda kuonana na daktari wa macho. Shida ni kwamba kompaila iliacha kupiga kelele ikaanza kuzungumza, na wewe hukurudi hata siku moja kuchungulia pipa la taka uone unatupa nini.

Na usidhani nakusema nikiwa nimekaa juu ya dari. Jambo hili nalijua. Hapa gazetini kuna bwana ambaye tangazo la magodoro likija hukata aya yangu ya chini ili lienee. Mwaka juzi nilimwandikia mama mmoja, "Funga mizigo yako uondoke," na aya iliyofuata ilisema, "ukakae kwa dada yako siku mbili, hasira zikitulia urudi mzungumze." Ya pili ikaliwa na godoro. Mama wa watu akaondoka miezi mitano. Wamesharudiana, namshukuru Mungu, ila mumewe tukikutana sokoni hugeukia vitunguu. Kwa hiyo mimi namwelewa mkeo kuliko unavyofikiri. Umeandika kitu kwa moyo wako wote, mtu mwingine amekata mkia, na lawama zinakuja kwako.

Sasa hiyo njia yako ya kimyakimya. Unataka kumpaka mkeo mafuta kwa mgongo wa chupa. Hebu ifuate mpaka mwisho. Alhamisi maneno yanaonekana, watu wanashangilia, wewe unatabasamu pembeni na kombe lako. Na mkeo anabaki kuamini nini? Kwamba kwa miezi minane watu waliyaona maneno yake, wakayasoma, na yakawapita kama upepo. Kwamba siku ile chumba kilipomcheka, kilikuwa na haki. Utakuwa umeyafungulia mlango maneno yake na kumwacha yeye ndani amefungiwa. Bluu iliyotulia haitibu hilo, hata ungeitafuta siku arobaini.

Unasema unaogopa kuonekana kituko. Baba Pacha, wewe ulicheka kwenye kile kikao. Ulijua kwa nini wanafunzi hawajui maelezo, ulikuwa umejua tangu jana yake, mkeo amekaa hapo anachekwa, na wewe ukajiunga. Usiniletee habari ya mshtuko. Mshtuko humfunga mtu mdomo, haumchekeshi. Hilo ndilo zito kuliko kichujio chote, na ndilo utakaloomba msamaha kwanza, kabla hujafika kwenye nafasi mbili wala jina la faili.

Halafu kuna jambo ambalo nadhani hujaliona, nami nimeliona kwa sababu uliniomba nisome yote. Katika barua yako mkeo anazungumza na wewe mara tatu. Asubuhi ya soksi, anasema anaongeza maelezo, "na akaendelea kueleza eleza." Barabarani anasema labda hajui kuzungumza na watu, "halafu akasema na mengine." Jumapili anasema amechoka, na dakika kumi zilizofuata umeniandikia ni "mambo ya hapa na pale, unajua tena wanawake." Ndiyo, wanawake nawajua, mimi ni mmoja wao, na hakuna anayesimama mlangoni dakika kumi na kitambaa cha vyombo begani kueleza mambo ya hapa na pale. Mara tatu, ndugu yangu, na mara zote tatu umenipa mstari wa kwanza tu. Hata ile karatasi ya kuacha kazi umeisoma mstari wa kwanza, ukairudisha! Chafya yake unaisikia ukutani. Simu ya fundi cherehani umeinasa neno kwa neno, mpaka kigelegele. Masikio unayo, basi. Kichujio hakiko kwenye kompyuta peke yake.

Basi fanya hivi. Usingoje Jumatano, usingoje toleo. Ukimaliza kusoma ukurasa huu kunja gazeti, nenda kwa mkeo, na usiende na maua, maua atayaweka kwenye kombe. Nenda na lile dirisha jeusi. Acha mabano wazi mbele yake, maneno yake yatokee, kisha fungua kihariri chako, fanya kosa lile lile, ayaone yasivyotokea. Mwambie, "Mimi ndiye niliyekuwa nayatupa. Uliniambia, sikukusikiliza. Nimejua wiki tatu, na nikacheka." Usiongeze "lakini". Ukisikia "lakini" inapanda kooni, imeze.

Halafu rekebisheni kichujio pamoja, yeye akiwa ameshika kibodi. Kanuni mpya iwe hii: neno ambalo kihariri hakilitambui kiliweke chini kwa rangi ya upole, mwanafunzi aamue mwenyewe kama ni takataka, kisilitupe. Bluu yako itumike, ila yeye akisema si nzuri, si nzuri. Alhamisi usimame kabla bosi hajafungua mdomo, uweke skrini mbili mezani, yenye maelezo na isiyo nayo, useme mbele ya wale wale waliocheka kwamba majibu ya swali la sita yalitokana na kosa lako. Watakucheka. Wacheke, zamu yako imefika. Kisha umpigie yule mama fundi cherehani, wewe mwenyewe, umwambie macho yake ni mazima na miwani yake ni mizuri. Na kombe wape mapacha. Litawafaa sana kuogeshea wanasesere.

Nimebakiza moja, na hili namwambia bwana wa magodoro kwamba akilikata nitampata.

Umeniuliza kama uungame au unyamaze. Mimi kompaila siijui, lakini mkeo ndiye aliyeijenga. Amesikia kwa masikio yake mtu mzima mwenye miwani akimwambia hapa chini peupe. Unadhani mwanamke huyo alikaa kimya chumba cha pili mpaka saa ya kutoka akifanya nini? Akihesabu vigae? Alifungua kihariri chako. Akafanya kosa, akatazama chini yake, akaona peupe. Kisha akakupa siku kadhaa useme mwenyewe. Hukusema. Jumapili akaja mlangoni, akasema kwa dakika kumi, akalichukua kombe, akasoma "Kwa Usafi wa Skrini", akalirudisha taratibu. Mimi nikisoma hapo nywele zimenisimama, na wewe umeniandikia habari za mpira.

Sina uhakika, sikuwepo. Lakini nadhani mkeo anajua. Na nadhani ameshakuambia.

Kwa hiyo kabla ya dirisha jeusi, kabla ya lolote, zima televisheni, kaa chini, umuulize, "Jumapili ulisema umechoka. Halafu ukasema nini?" Kisha unyamaze mpaka amalize, hata kama ni dakika kumi, hata kama ni saa mbili. Na akimaliza, nakuomba kwa heshima zote, sema chochote kile utakachoweza, ila usimwambie vizuri sana, mke wangu.